Uchovu wa mama zetu si uzee kila mara, na TSH iliyopanda si ugonjwa kila mara: tuongee kuhusu thairoidi

FundiMaabara #1

Wakuu, akina dada, akina mama, salaam kwenu.

Mimi ni mtu wa maabara. Siku hizi kipimo cha TSH, kile cha kuangalia tezi ya thairoidi, kinaombwa kuliko zamani, na fomu nyingi zinazonifikia ni za wanawake waliovuka miaka arobaini na tano. Kuna majibu ya aina mbili yananikera. Aina ya kwanza ni ya mama anayeletwa uso umevimba, sauti imekwaruza, mapigo ya moyo yako hamsini, kavaa sweta Dar mwezi wa pili. Ukiuliza imeanza lini unajibiwa, "Ah, mwaka wa tatu huu, tulijua ni umri." Aina ya pili ni ya bibi wa miaka themanini na ushee, TSH yake 6, juu kidogo ya kiwango cha kwenye karatasi, anachambua mchicha na kugombeza wajukuu, hana anachoumwa. Kwa kipimo hicho kimoja anatoka na dawa ya kumeza maisha yake yote.

Wa kwanza kacheleweshwa, wa pili kaharakishwa. Wote wawili wameponzwa na kitu kimoja: thairoidi kulegea kunaongezeka sana kadiri mwanamke anavyozeeka, lakini ndani ya ongezeko hilo kuna ugonjwa na kuna uzee wenyewe, na watu wanavichanganya.

Kwa wasioijua: thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya koromeo. Inachukua madini joto (ayodini) kwenye chakula na kutengeneza homoni, T4 na T3, zinazoamua mwili uende kwa mwendo gani: moyo upige vipi, utumbo usukume vipi, joto lizalishwe kiasi gani. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, na hiyo ndiyo msimamizi. Inatoa TSH kuiamrisha thairoidi. Kibarua akilegea, msimamizi anapaza sauti. Ndiyo maana TSH ikiwa juu tunasoma kwamba thairoidi inazembea, wala si kwamba inafanya kazi kupita kiasi. Hapa wengi hukosea, hata aliyeshika karatasi ya majibu mkononi.

TSH ikipanda huku T4 ikiwa bado ndani ya kiwango, huo ni upungufu wa awali, mara nyingi hauna dalili. T4 nayo ikishuka, huo ni upungufu kamili. Shikeni tofauti hiyo.

Sasa hesabu. Kaskazini-mashariki mwa Uingereza, jirani na Newcastle, kuna mji unaitwa Whickham. Kati ya 1972 na 1974 watafiti walipima watu wazima 2,779 wa hapo. TSH ilikuwa juu kwa wanawake 7.5 katika kila 100, wanaume 2.8. Kwa wanawake ilianza kupanda hasa baada ya miaka 45. Kilichoufanya utafiti huo utajwe hadi leo ni kwamba waliwarudia watu wale wale baada ya miaka 20, na majibu yakachapishwa 1995. Kati ya wanawake 1,000, kila mwaka watatu hadi wanne walikuwa wanaingia kwenye upungufu kamili bila kufanyiwa upasuaji wala tiba ya mionzi. Wanaume haikufika hata mmoja. Watatu kwa mwaka ni wachache kwa kusikia, lakini zidisha kwa miaka ishirini au thelathini ya maisha ya mwanamke uone.

Halafu jimbo la Colorado, Marekani, 1995, kwenye maonyesho ya afya walipimwa watu 25,862. Wanawake wa miaka 18 hadi 24 wenye TSH ya juu walikuwa 4 katika 100. Waliozidi miaka 74 walikuwa 21. Wanaume nao walipanda, kutoka 3 hadi 16.

Msikimbilie duka la dawa kwanza. Hiyo 21 ina maelezo yake na nitairudia.

---

Mtata wa Mbagala #2

Mkuu nimeona "tezi" nikajua tezi dume, nimeingia mbio na miwani mkononi. Kumbe ya akina mama. Haya, sitoki. Mama mkwe yuko kwangu tangu Idi, saa kumi na mbili jioni keshalala, asubuhi anaamka kachoka. Wife anasema ni uzee, mimi nasema ni tamthilia za usiku. Endelea.

---

Shangazi Pangani #3

Mwanangu, umeandika vizuri, Mungu akuzidishie. Mimi nina miaka hamsini na mbili, hedhi imenikoma mwaka jana. Usingizi umeniruka, mwili umeongezeka ingawa kula nakula kile kile, nasahau majina ya watoto wa jirani. Nikienda hospitali naambiwa "mama, hiyo ni kukoma hedhi, vumilia". Nitajuaje kama ni hiyo au ni tezi? Na kwa nini mambo haya yatuandame wanawake peke yetu?

---

FundiMaabara #4

Shikamoo shangazi. Nianze na hilo la pili.

Sehemu zenye chumvi ya madini joto, sababu kubwa ya thairoidi kulegea ni kinga ya mwili yenyewe kuigeukia tezi. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, jina la daktari wa upasuaji wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeuandika mwaka 1912. Alieleza wagonjwa wanne, wote wanne wanawake wa makamo. Aliziangalia tezi alizowatoa kwa darubini akakuta zimejaa chembe nyeupe za damu. Enzi hizo hakuna aliyejua kwamba mwili unaweza kujishambulia.

Magonjwa mengi ya kinga kujigeuka hupenda wanawake zaidi. Homoni za kike na kromosomu ya X zina mkono wao humo. Pale Whickham, kingamwili dhidi ya thairoidi zilionekana kwa wanawake kama 10 katika 100, wanaume hawakufika 3. Kingamwili hizi ni alama ya kinga iliyoigeukia tezi, na kinga hiyo hukaa na mtu miaka na miaka ikila tezi kidogo kidogo. Tezi ina akiba kubwa, kwa hiyo aliyeanza kuliwa akiwa na thelathini anaweza asijue lolote mpaka afike hamsini na tano. Hapo ndipo umri unapoingia. Na aliyekuwa na vyote viwili, TSH ya juu na kingamwili, ndiye aliyekuwa na hatari kubwa zaidi: katika wanawake 100 wa namna hiyo, wanne na ushee walikuwa wanaingia kwenye upungufu kamili kila mwaka.

Kuna na uzazi. Wanawake kati ya 5 na 10 katika 100 hupata msukosuko wa thairoidi ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Wengi hupona, ila baadhi yao tezi hairudi kamwe, au inarudi kisha inalegea tena miaka ya mbele. Kwa hiyo mama akisema "nilipomzaa wa tatu nilichoka mwaka mzima, nywele zikatoka", daktari asikilize.

Kuhusu kutofautisha: anayekoma hedhi husumbuliwa na joto la ghafla na jasho la usiku. Wa thairoidi hulalamika baridi, choo kigumu, ngozi kavu inayopukutika, sauti nzito, na moyo hupiga taratibu. Kama hedhi bado ipo, huwa nyingi kupita kawaida. Lakini uchovu, mwili kuongezeka, kusahau na huzuni zinakaa pande zote mbili, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa kuangalia macho tu hutenganishi, shangazi. "Vumilia" si kipimo. Waombe TSH, na ikiwa juu wakupime na T4.

---

Mlezi_Leicester #5

Nathibitisha kutoka huku. Nafanya kazi ya kulea wazee majumbani, Uingereza. Bibi ninaowahudumia, ukifungua kabati la dawa la nyumba yoyote, kuna uwezekano mkubwa utakuta kidonge cha levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya thairoidi. Ni miongoni mwa dawa zinazoandikwa kwa wingi zaidi nchi hii. Kila asubuhi kinatangulia chai, na kwenye daftari la kazi tunaandika saa.

Nimeshakuta familia moja wanampa bibi yao kile kidonge pamoja na vya kalsiamu, vyote kwa mkupuo na maziwa, kumrahisishia. Dozi ikawa inapandishwa kila akipimwa, kumbe dawa haiingii mwilini. Walipotenganisha muda, ikabidi dozi ishushwe haraka.

---

Mkulima wa Makete #6

Mkuu mimi nimekulia Nyanda za Juu Kusini. Zamani rovu ilikuwa kitu cha kawaida kwetu, mama wa watu anatembea na shingo imejaa na hakuna anayeshangaa. Nakumbuka miaka ya themanini tukigawiwa vidonge vya mafuta ya madini joto. Kisha ikaja chumvi ya pakiti. Sasa rovu zimepungua sana, wadogo zangu hawazijui. Je, hiyo siyo ndiyo thairoidi yenyewe? Kama tulishaishinda kwa chumvi, imekuwaje inarudi kwa bibi zetu?

---

FundiMaabara #7

Swali zuri sana mkuu. Tezi ni ile ile, chanzo ni kingine.

Kwenu mvua na miteremko imeosha madini joto kwenye udongo kwa karne nyingi, mazao yakawa hayana, watu wakakosa. Tezi inapokosa malighafi inasukumwa na TSH mpaka inavimba. Hilo kweli chumvi imelitibu kwa kiasi kikubwa. Kenya chumvi yenye madini joto ililazimishwa kisheria tangu 1978, Tanzania ikafuata miaka ya tisini.

Hili la bibi zetu ni tezi kuliwa na kinga ya mwili. Chumvi haitibu hilo. Na kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: Denmark ilipolazimisha madini joto kwenye chumvi mwaka 2000, wagonjwa wapya wa thairoidi kulegea waliongezeka kidogo, hawakupungua. Madini joto yakizidi ghafla huwa yanaiamsha kinga kwa watu wenye mwelekeo huo. Hakuna anayesema chumvi iondolewe, maana hasara ya kukosa madini joto, hasa kwa mimba na watoto, ni kubwa mno. Ninachosema ni kwamba bibi mwenye Hashimoto asinunuliwe matone ya ayodini na unga wa mwani mtandaoni kwa sababu kuna mtu kasema "ni thairoidi, ongeza madini joto". Anaweza kuharibikiwa zaidi.

---

Mtu wa Kivu #8

Kwetu pia habari hii inajulikana. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, watafiti walikuja kuanzia miaka ya 1960 kwa sababu ya rovu na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa. Madini joto yalikuwa haba, na juu yake watu walikula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Sumu ya muhogo ikishavunjwa mwilini inageuka kuwa kitu kinachozuia tezi isichukue hata hayo madini kidogo yaliyopo. Mama zetu walijua kuloweka siku nyingi, lakini wakati wa njaa na vita, nani anasubiri?

---

FundiMaabara #9

Asante sana mkuu wa Kivu. Niongeze tu kwamba muhogo, kabichi na jamii yake ni tatizo pale madini joto yanapokosekana. Mama wa Temeke anayekula kabichi na chumvi ya pakiti asiogope sahani yake.

---

Nakuru Boy #10

Jameni, niulize kitu. Whickham ni wazungu. Colorado ni wazungu wengi. Sisi tunabebeshwa hesabu za watu wengine kila siku, presha yao, uzito wao, sasa na thairoidi yao. Kwani mtu mweusi anazeeka hivyo hivyo?

---

FundiMaabara #11

Hapa umenigusa, maana hili swali huwa nalitamani liulizwe na haliulizwi.

Kuna uchunguzi mkubwa wa taifa la Marekani uliofanyika kati ya 1988 na 1994, ukachapishwa 2002. Ulichukua sampuli ya watu wa nchi nzima kuanzia miaka 12. Kwa jumla, waliokuwa na thairoidi iliyolegea walikuwa 4.6 katika 100. Na katika hao 4.6, wenye upungufu kamili walikuwa 0.3 tu. Waliobaki wote ni wale wa TSH juu, T4 sawa. Sasa ukigawanya kwa asili: weupe 5.1, weusi 1.7. Tofauti ni mara tatu. Hata kingamwili zilikuwa chache zaidi kwa weusi.

Kwa hiyo ndiyo, usiichukue hiyo 21 ya Colorado ukamvisha bibi yako wa Nakuru. Mwelekeo uko vile vile, wanawake kuliko wanaume na wazee kuliko vijana, ila kimo cha mlima si kimoja. Wale ni Wamarekani weusi, si sisi moja kwa moja, lakini wanatupa mwanga kuliko Whickham.

Sasa nirudi kwenye ile 21 kama nilivyoahidi, maana hapa ndipo bibi wa TSH 6 anapoponea.

Karatasi nyingi za maabara zina kiwango kimoja kwa watu wazima wote, mathalani 0.4 hadi 4.5. Binti wa miaka 22 na bibi wa miaka 85 wanapimwa kwa mstari mmoja. Watafiti walizichukua upya takwimu za huo uchunguzi wa Marekani, wakaondoa wenye ugonjwa wa thairoidi, wenye kingamwili na wanaotumia dawa zinazoigusa tezi, wakabaki na watu wazima wa afya. Wakauliza: kwa hawa, mpaka wa juu wa TSH unaangukia wapi? Kwa wenye miaka ishirini na kitu ulikuwa 3.56. Kwa waliofika themanini ulikuwa 7.49. Kazi hiyo ilichapishwa 2007. Maana yake TSH hupanda yenyewe na umri hata kwa asiyeumwa, na wazee wengi wanaoandikiwa "juu" na kompyuta wako sawa kwa umri wao.

Je, ukiwapa dawa wanapata nafuu? Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 2017 yalitoka majibu ya jaribio la nchi nne za Ulaya, watu 737 wenye miaka 65 na kuendelea, wote wenye upungufu ule wa awali. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kitupu, bila wao kujua. Baada ya mwaka, TSH za waliopewa dawa zilishuka vizuri kabisa kwenye karatasi. Uchovu na dalili nyingine havikutofautiana kati ya makundi mawili. Karatasi ilipona, mgonjwa alibaki vile vile.

Ndiyo sababu daktari makini akiona 6 kwa bibi atarudia kipimo baada ya miezi miwili mitatu. Si wachache ambao TSH inashuka yenyewe, labda alikuwa ametoka kuugua kitu kingine. Ikivuka 10, au T4 ikiwa chini, au dalili zipo za wazi, hapo mazungumzo ya dawa yanakuwa mengine.

---

Sista Zamu ya Usiku #12

Naunga mkono lakini naomba msiwatulize watu kupita kiasi. Mimi ni muuguzi wa wodi. Upungufu kamili kwa mzee si mchezo. Anaanza kwa kusinzia, mwili unapoa na kuwa wa baridi, akipata nimonia au akipewa dawa ya usingizi anazama kwenye koma. Wengi wa wanaofikia hapo ni wanawake wazee, na vifo vyake ni vingi. Na dalili kwa wazee haziji kama kwenye kitabu. Unaweza usione uvimbe wala malalamiko ya baridi, unaona tu bibi kawa mzito wa kuelewa, haendi choo, anaanguka anguka, kolesteroli imepanda bila sababu. Familia inaandika "amechanganyikiwa kwa uzee". Pima kwanza, jamani, ndipo muandike.

Muulizeni pia historia. Aliyefanyiwa upasuaji wa rovu zamani, aliyekunywa dawa ya mionzi kutibu thairoidi iliyokuwa inafanya kazi kupita kiasi, anayetumia amiodaroni ya moyo au lithiamu ya akili, hao wote TSH yao inatakiwa kuangaliwa kila baada ya muda hata wakiwa wazima.

---

Msomaji wa Kale #13

Kwa wapenda historia. William Gull, daktari wa London, mwaka 1873 aliandika kuhusu hali ya ajabu aliyoiona kwa wanawake watu wazima: uso unavimba, ulimi unakuwa mnene, maneno yanatoka taratibu. Kwenye kichwa cha andiko lake mwenyewe aliwataja wanawake. Dawa haikuwepo.

Mwaka 1891, Newcastle (ndiyo, pale pale jirani na Whickham), daktari kijana George Murray alichukua tezi za kondoo, akakamua maji yake, akamdunga mama wa miaka 46 aliyekuwa amelegea kabisa. Mama akainuka. Aliendelea na dawa hiyo, baadaye kwa kunywa, miaka 28, akafa 1919 akiwa na miaka 74. Murray alipiga hesabu kwamba katika maisha yake yule mama alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

---

Mtata wa Mbagala #14

Kondoo 870! Mkuu, mama mkwe akianza hiyo dozi mimi narudi kijijini.

---

MfamasiaWaKona #15

Siku hizi ni kidonge kimoja kidogo, Mtata, usihame mji.

Kwa waliokwisha kuandikiwa na daktari: levothairoksini inamezwa tumbo tupu kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chai ya maziwa na kahawa vinaipunguza. Kalsiamu, vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia zikae mbali nayo kwa muda wa saa nne hivi. Asiyeweza asubuhi anaweza kumeza usiku wa kulala, zikiwa zimepita saa tatu tangu ale chakula, ila achague wakati mmoja na kuufuata. Ukisahau siku moja usihangaike, dawa hii inakaa mwilini siku nyingi, nusu yake huchukua kama wiki kutoka. Kwa sababu hiyo hiyo usipime TSH wiki mbili baada ya kubadilisha dozi, subiri wiki sita hadi nane.

Kwa wazee huanzishwa kidogo kidogo, maikrogramu 25 au chini ya hapo kama moyo una historia, halafu inapandishwa taratibu. Dozi ikizidi, moyo unaanza kupiga ovyo ovyo na mifupa inapungua, na mama aliyekoma hedhi mifupa yake tayari iko kwenye mteremko. Kuna wadada wanakuja kuiulizia kwa ajili ya kupunguza mwili. Siwauzii, na wanaowauzia wanawatafutia matatizo ya moyo.

---

Shangazi Pangani #16

Nimekuelewa mwanangu wa duka. Basi hili la kupima, kila mwanamke apimwe akifika umri fulani, kama wanavyopima shingo ya kizazi?

---

FundiMaabara #17

Wakubwa wenyewe hawakubaliani, shangazi. Chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani mwaka 2000 kilisema kila mtu mzima aanze kupimwa akiwa na miaka 35, kisha kila baada ya miaka mitano. Jopo la Marekani linalopitia vipimo vya kuzuia magonjwa likasema mwaka 2015 kwamba ushahidi wa kumpima asiye na dalili hautoshi.

Mimi niko upande wa jopo. Ukipima mama wote wa mtaa wasioumwa, utaokota TSH nyingi za 5 na 6, utawapa watu wengi hofu na vidonge visivyowasaidia. Lakini mwenye dalili, mwenye mama au dada aliye na thairoidi, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyewahi kusumbuliwa baada ya kujifungua, au mwenye kolesteroli iliyopanda bila maelezo, huyo si "asiye na dalili". Apimwe. Na wewe shangazi ni mmoja wao.

---

Mtata wa Mbagala #18

Mrejesho wakuu. Tumempeleka. TSH 2.1, wingi wa damu 8. Kumbe ni upungufu wa damu. Wife kaniagiza vidonge vya kuongeza damu, niko njiani duka la dawa.

---

FundiMaabara #19

Safi kwa kumpeleka, mkuu, lakini usiishie dukani. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi hana njia ya kawaida ya kupoteza damu. Ikiwa imefika 8, kuna mahali inavuja au haitengenezwi. Arudi kwa daktari aulizwe kuhusu dawa za maumivu anazotumia, vidonda vya tumbo, choo cheusi, minyoo, na ikibidi aangaliwe tumbo na utumbo mkubwa. Vidonge vinaweza kuipandisha namba huku chanzo kikiendelea chini kwa chini.

---

Mtata wa Mbagala #20

Choo cheusi ameshawahi kusema, wife kanikumbusha sasa hivi. Na magoti yanamuuma, diklofenaki hazimtoki mkobani. Nageuza bodaboda.

---

Binti Sinza #21

Samahani kuchelewa kuingia. Mimi na mama tunatumia vidonge vya biotini vya kukuza nywele, vile vya dozi kubwa. Kesho mama anapimwa TSH kwa sababu nywele bado zinatoka na anasikia baridi. Kuna shida?

---

FundiMaabara #22

Ipo, na ni vizuri umeuliza kabla. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe. Ikiwa nyingi kwenye damu inavuruga hesabu: TSH inaweza kutoka chini kuliko ilivyo na T4 ikatoka juu. Mama mwenye thairoidi iliyolegea anaweza kuambiwa yuko sawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hili mwaka 2017.

Usimpeleke kesho. Aache siku mbili tatu, ndipo atoe damu, na amwambie anayemtoa kwamba alikuwa anavitumia na mara ya mwisho ni lini, iandikwe kwenye fomu.